Lori la Chama Likigongwa na Mwenye Kosa Akakimbia



Chama cha msingi chenye lori lake kina mali iliyopatikana kwa jasho la wanachama wote. Lori hilo likisimama wakati wa mavuno, mahindi na maharage hubaki vijijini na bei hupotea. Yafaa basi kila mwanachama afahamu ni nani atakayelipa matengenezo endapo lori litagongwa na gari ambalo dereva wake amekimbia.

Tuseme lori la chama limeegeshwa usiku pale Laela, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Gari jingine linaligonga ubavuni na kutokomea gizani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame na kujitambulisha. Lakini sheria ikishavunjwa hasara imekwisha kutokea, na mpaka wa Zambia hauko mbali.

Jibu linategemea aina ya bima. Bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu, ndiyo ya lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Bima hiyo huwafidia watu wengine waliodhurika kwa kosa la gari lenu. Hailitengenezi gari lenu wenyewe. Kwa kawaida mngedai fidia kwa kampuni iliyomkatia bima mkosaji. Mkosaji asipojulikana, hakuna wa kudaiwa. Hata bima iliyoongezewa moto na wizi haisaidii hapa, kwa kuwa kugongwa si moto wala si wizi.

Bima kubwa ndiyo hulipa uharibifu wa gari lenu, hata kama mkosaji hakupatikana. Hata hivyo, mkataba huwa na masharti. Sehemu ya kwanza ya hasara hubebwa na chama: kwa mfano, matengenezo yakiwa shilingi 6,000,000 na sehemu ya chama ikiwa shilingi 600,000, kampuni hulipa 5,400,000. Tena, kudai fidia huweza kuondoa punguzo la ada wapewalo wasiodai. Kwa mkwaruzo mdogo, huenda ikawa nafuu chama kujilipia.

Ajali ikitokea, Katibu ahakikishe yafuatayo:

(a) Polisi wa karibu waarifiwe mara moja, na taarifa yao ya maandishi ipatikane. Bila hiyo, kampuni yaweza kukataa madai.

(b) Majina ya mashahidi, saa, mahali, na namba au rangi ya gari lililokimbia viandikwe, na picha zipigwe.

(c) Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, na nakala itunzwe katika jalada.

(d) Lori lisitengenezwe kabla ya mkaguzi wa kampuni kulitazama.

Wazee wanakumbuka kwamba tangu mwaka 1967 shughuli za bima Tanzania Bara zilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, hivyo mikataba hutofautiana, na ni wajibu wa Kamati kuusoma wa chama chake kabla ya kutia sahihi. Kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya haki, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambao wote wamo katika Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Uchaguzi kati ya bima ndogo na bima kubwa usiachwe kwa Katibu au dereva peke yake. Gharama za zote mbili ziwekwe mbele ya Mkutano Mkuu wakati wa kupitisha makisio, ili wanachama waamue wakijua kwamba anayekata bima ndogo amekubali kulitengeneza lori lake mwenyewe siku mkosaji atakapokimbia.