Unadunga Daipa na Wewe Si Mtoi? Tulia, Hii Ndio Rieng

Tuanze na ile muvi huchezanga kwa akili yako. Uko kwa mathree ya Thika Road, jam imeshika Roysambu, umekaa kiti ya dirisha. Kila ukisonga kidogo unaskia "kwash kwash". Unaona ni kama makanga, mathe amebeba sukuma na mbogi ya chuo huko nyuma, wote wameshika rada ati ndani ya longi yako kuna daipa.

Kwa graundi vitu ni tofauti. Makanga anahesabu doh. Mathe anawaza kama sukuma zitanyauka kabla afike. Mbogi ya chuo iko kwa simu. Hakuna mtu anakucheki hapo chini.

Lakini kuambiwa "usijali" hakujawahi saidia mtu yeyote. Uoga hutoka ukijua venye hii kitu hufanya kazi, ukijaribu mahali salama, na ukiwa na mpango ikileta noma. Basi twende pole pole.

Kwanza, ni nani hudunga hizi vitu?

Ukidhani ni za shosh na guka pekee, umepotea. Kuna msee aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya boda. Kuna aliyezaliwa na spina bifida. Kuna dem ametoka kujifungua juzi na akipiga chafya tu, mkojo unamponyoka. Kuna mwenye kisukari, mwenye kifafa, mwenye seli mundu, mwenye fistula. Kuna pia msee mzima kabisa mchana, lakini usiku kitanda kinalowa. Inakadiriwa mtu 1 au 2 kati ya kila watu wazima 100 bado hukojoa usingizini. Hesabu wasee kwa ploti yenu, kisha hesabu ploti za mtaa.

Hata wanaanga hudunga. Tarehe 5 Mei 1961, Alan Shepard alikuwa Mmarekani wa kwanza kuenda anga za juu. Safari ilikuwa ya dakika 15 tu, kwa hivyo hakuna aliyepanga mambo ya choo. Roketi ikacheleweshwa masaa kadhaa, jamaa amefungwa kwa kiti, mwishowe akakojoa ndani ya suti. Siku hizi mwanaanga akitoka nje ya chombo kufanya kazi anga za juu, ndani ya suti amevaa nguo ya kunyonya mkojo. Hakuna anayemcheka. Ni vifaa vya kazi, kama helmeti.

Na huko Japani, kampuni ya Oji Holdings ilitangaza 2024 kwamba inaacha kutengeneza daipa za watoto kwa soko la huko, iweke nguvu kwa za watu wazima. Hio ndio biashara inalipa.

Basi mbona tunaogopa hivi?

Ju ya neno moja: kikojozi. Tuliliskia tukiwa nursery, tukalibeba hadi shule ya bweni, mahali godoro lilianikwa nje kila mtu akiona. Hio aibu ilipandwa mapema. Ukiwa na miaka 23 bado inakuambia wewe ni mtoto.

Noma ni venye aibu hukufanya uishi. Unaacha kunywa maji. Unakataa wera iko mbali na choo. Darasani unakaa karibu na mlango, kisha unaanza kukosa, kisha unaacha kabisa. Mbogi ikipanga kuenda Naivasha, wewe una "homa" kila wikendi. Daipa haijakunyima hizo vitu. Ni kujificha ndio kumekunyima.

Na hio ya kutokunywa maji inakurudia vibaya. Mkojo ukiwa mzito unawasha kibofu, kibofu kinataka kutoa mara nyingi zaidi, na harufu inakuwa kali. Kunywa maji kama kawaida. Kitu ya kupunguza ni kahawa, chai ya rangi nyingi, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu, ju kafeini hukoroga kibofu.

Maswali matatu ya kila mtu

*Watanusa?* Mkojo ukitoka tu hauna harufu kubwa. Harufu ya amonia huja baadaye, bakteria wakianza kuuvunja. Daipa nzuri ina unga katikati ambao hunyonya mkojo na kugeuka jeli, kwa hivyo maji hayabaki yakizunguka hapo. Kazi yako ni kubadilisha kwa wakati. Kama ni mkojo, badilisha ikianza kuwa nzito au ukiskia unyevu kwa ngozi, usingoje ijae. Kama ni choo kubwa, badilisha saa hiyo hiyo. Usijipulizie pafyumu huko chini, itakuchoma na haitaficha kitu.

*Wataskia?* Zingine hupiga kelele kweli, hasa zile za nje plastiki tupu. Zile za nje laini kama kitambaa ziko kimya. Juu yake dunga boksa ama ngotha ya kubana kidogo. Inashika daipa isicheze na inamaliza ile sauti. Kumbuka pia masikio yako yako karibu na kiuno chako kuliko ya mtu mwingine yeyote, na ni wewe pekee unaitegea.

*Itavuja?* Mara nyingi ikivuja, shida ni saizi. Watu hununua kubwa wakidhani itabeba zaidi, kumbe inaacha nafasi mapajani na mkojo unapitia hapo. Pima kiuno na makalio kwa tepu ya fundi wa nguo, chukua namba kubwa kati ya hizo mbili, linganisha na ile imeandikwa kwa pakiti. Ukishavaa, pitisha kidole pembeni mwa mapaja usimamishe zile kingo za mpira. Wanaume, elekezeni mambo chini. Ikiangalia juu, utalowa tumbo hata daipa ikiwa kavu.

Chagua yako

Kama ni matone tu ukicheka au ukiruka kwa jimu, hauhitaji daipa nzima. Kuna pedi za mkojo, na hizo si sawa na za hedhi. Za hedhi zimetengenezewa damu, hazinyonyi mkojo haraka. Kama unatembea na unataka kuishusha chooni kama kawaida, chukua ya kuvuta kama boksa. Kama inatoka nyingi, unatumia kiti cha magurudumu au ni ya usiku, ile ya kubandika pande zote mbili hufaa zaidi. Kuna pia za kitambaa za kufua. Bei yake mwanzoni inauma, lakini zinasukuma miezi.

Kununua nako ni dakika mbili. Ingia kemisti, sema: "Nisaidie na daipa za watu wazima, saizi M, za kuvuta." Basi. Watu hununulia wazazi na wagonjwa kila siku, hakuna mtu atakuuliza kitambulisho. Ukiulizwa ni za nani, si lazima ujibu. Uliza pia kama wanauza moja moja, ujaribu aina mbili tatu kabla ya kumwaga chapaa kwa pakiti nzima.

Na chapaa ndio stori kubwa hapa. Kama uko na hii shida kila siku, daipa ni bili kama rent. Ndio maana Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopendekeza ushuru wa mazingira kwa bidhaa kama daipa na pedi, kelele ilikuwa kubwa. Mswada wote ukaanguka Juni hiyo baada ya vijana kumwagika barabarani. Kwa bajeti yako, tumia daipa nzima mahali unaihitaji kweli, kama usiku na safari ndefu, na pedi ama ya kufua ukiwa kejani.

Anza kejani, kisha songa

Usianze na siku ya intavyuu. Panda ngazi:

1. Dunga ukiwa kejani masaa mawili. Osha vyombo, inama, keti, panda ngazi. Zima muziki uskie kama kuna kelele.
2. Kojoa ndani makusudi, ukiwa umesimama na ukiwa umekaa. Mara ya kwanza mwili hukataa, ju umefunzwa miaka yote kushika. Ni kawaida. Hapo ndio utajua inabeba kiasi gani na unaskiaje ikilowa.
3. Enda kwa mama mboga. Bonga kidogo, usikimbie kurudi.
4. Panda mathree stage tatu, urudi.
5. Sasa beba siku nzima.

Siri ni kukaa. Ukitoroka kila moyo ukianza kudunda, akili inaandika kwamba kweli kulikuwa na hatari. Ukibaki hapo hadi moyo utulie wenyewe, inaandika kwamba hakukuwa na kitu. Rudia ngazi moja hadi ikuchoshe, ndio upande ingine.

Begi ya siku

Beba daipa mbili, tishu zenye unyevu zisizo na pafyumu, krimu, boksa ama ngotha ya ziada, gazeti kuukuu na kifuko cha kitambaa chenye zipu. Juala za plastiki zilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo usitegemee kupewa moja dukani. Ukibadilisha, kunja daipa ndani kwa ndani, ifunge na gazeti, weka kwa pipa. Usiitupe kwa choo ya kuflashi, itaziba na hapo ndio utachomeka kweli. Kwa choo ya shimo pia zii, inajaza shimo na haiozi. Kama hakuna pipa, irudishe kwa kifuko utupe mbele.

Nguo ni rahisi. Longi isiyobana sana, rangi nyeusi ama bluu nzito, tishati ndefu ama hudi ya kufunga kiunoni. Hio ni luku ya nusu ya Nairobi tayari.

Na uchunge ngozi. Kila ukibadilisha, osha, kausha kwa kupapasa bila kusugua, paka krimu ya zinki ama mafuta ya kujikinga, lakini kidogo. Ukipaka nyingi inaziba daipa isinyonye. Usiku kama hauihitaji, lala bila, ngozi ipumue. Ukiona upele unaendelea siku kadhaa ama kidonda, onyesha daktari.

Nani aambiwe?

Hauna deni ya kuambia dunia. Ambia mtu ambaye kujua kwake kutakurahisishia maisha, na umpe kile anahitaji tu. Kwa bosi: "Niko na shida ya kibofu, kuna wakati nitahitaji kutoka haraka." Kwa msee mnashare keja: "Nikiamka usiku kubadilisha, usishtuke."

Kwa mpenzi, bonga mkiwa mmevaa nguo na mmetulia, si katikati ya mambo: "Kuna kitu ya kiafya nataka uskie kutoka kwangu. Mkojo wangu hunitoka wakati mwingine, kwa hivyo huvaa daipa. Uliza chochote." Akikaa na kuuliza maswali ya kijinga, huyo ni wako, ataelewa. Akienda kumwaga mtama kwa mbogi, umejua tabia yake mapema.

Daipa isikuzuie kuona daktari

Hapa ndio wengi hupoteza. Wakishapata daipa nzuri wanatulia, kumbe shida yenyewe ina dawa. Maambukizi ya njia ya mkojo hutibiwa. Kibofu chenye haraka kina dawa na mazoezi. Kuvuja baada ya kujifungua mara nyingi hupungua na mazoezi ya misuli ya chini ya nyonga, yale daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandikia 1948. Ni ile misuli unatumia kushika ushuzi ukiwa kwa lifti. Ikaze kwa sekunde kama tano, iachilie, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Ipe wiki kadhaa, si siku mbili.

Na dem ambaye mkojo ama choo inamtoka bila kukoma tangu ajifungue, hio inaweza kuwa fistula. Si laana na hakurogwa. Mara nyingi ni tundu lililotokana na uchungu wa uzazi uliokawia sana, na hushonwa kwa upasuaji. Hospitali ya Kenyatta imeshawahi kuandaa kambi za upasuaji huo bila malipo. Uliza kliniki iliyo karibu ni lini na wapi.

Usingoje hata kesho kama kuna damu kwa mkojo, homa na maumivu ya mgongo, mkojo umekataa kutoka kabisa, ama ghafla miguu imekosa nguvu na sehemu unayokalia imekufa ganzi. Hio ni hospitali leo.

Kwa hivyo wikendi hii usianze na Naivasha. Anza na tepu ya fundi, kemisti ya karibu na masaa mawili kejani. Wiki ijayo mama mboga. Ile trip ya mbogi ikirudi tena, utakuwa na begi yako tayari. Ukikataa kuenda, iwe ni ju hauna fare.