Rimoti ikikataa kuwasha gari, usikubali waya ikatwe

Uko jikoni na kikombe cha chai, unabonyeza rimoti ukingoja kusikia gari likinguruma huko nje. Taa za kuegesha zinamulika mara kadhaa, kisha kimya. Unabonyeza tena. Kimya. Unatoka na kandambili, unawasha kwa ufunguo na gari linawaka kama kawaida. Sasa hapo unafanya nini?

Wengi wetu tunafanya nilichofanya mimi. Tunapeleka gari kwa fundi halafu tunasimama kando tukitingisha kichwa kana kwamba tunaelewa.

Gari lenyewe ni la mathe, mimi ndiye dereva. Nabeba abiria wa teksi za apu, kutoka Rongai hadi kokote simu itakakonipeleka. Kifaa cha kuwasha kwa rimoti hakikuja na gari kutoka Japani. Kilifungwa hapa Nairobi pamoja na alamu. Usidhani ni mambo ya kujigamba. Baridi ya Julai ikishika, kioo cha mbele kinajaa ukungu, na abiria wa saa kumi na moja alfajiri hawezi kukungoja upanguse na kitambaa.

Fundi alisikiliza nusu ya hadithi yangu. "Kijana, kompyuta ya alamu imekufa. Leta Sh18,000." Aliponiona nimenywea, akashuka bei. "Ama nikufanyie ya Sh1,500. Kuna waya ya boneti inasumbua. Naikata, naunga, inawaka poa."

Angalia hapo vizuri. Kompyuta iliyokufa inafufuliwa kwa kukata waya moja! Lakini mimi sikuliona hilo siku hiyo. Kilichoniokoa ni kwamba M-Pesa ilikuwa na Sh900 pekee. Nikamwambia, "Sawa fundi, nitarudi Jumatatu."

Jumapili mdogo wangu akafungua boneti aongeze maji. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za ploti, rimoti mfukoni. Yangu inataka ubonyeze kitufe kwa sekunde tatu, na nilipoegemea, paja likafanya kazi hiyo lenyewe. Taa zikamulika mara nne. Injini haikuwaka. Dogo akaruka nyuma na kunitukana vizuri sana, maana mkono wake ulikuwa karibu kabisa na mkanda wa injini.

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Kama ningekuwa na Sh1,500 Ijumaa ile, injini ingewaka.

Hiyo waya ya boneti haiko pale kusumbua mtu. Inaenda kwenye swichi ndogo yenye pini na springi pembeni mwa injini. Ukifungua boneti, pini inapanda na kompyuta ya alamu inaambiwa: kuna mtu huku, usiwashe. Ukifunga, boneti inakandamiza pini chini na ruhusa inarudi. Ukiikata, gari haliwezi tena kujua kama kuna vidole vya mtu ndani.

Na kuna kitu kingine nilichokumbuka nikiwa pale kwenye ngazi. Asubuhi zile zote gari lilipogoma, taa zilikuwa zikimulika mara nne. Boneti ikiwa imefungwa, mara nne. Boneti ikiwa wazi, mara nne. Yaani gari lilikuwa likiniambia shida yake kila siku, na mimi nabonyeza tu kwa hasira. Hesabu hizo hutofautiana kati ya alamu moja na nyingine, kwa hivyo usichukue nne zangu. Tafuta kile kijitabu ulichotupa kwenye droo. Kama hukipati, mwombe aliyekufungia.

Lakini kabla ya kufika kwenye boneti, anza na vitu vya bei ya mandazi. Niliacha chuo mwaka wa pili wa kozi ya umeme, karo ilipogoma, na karibu kitu pekee nilichobaki nacho ni hiki: anza kukagua upande ulio rahisi.

Simama pale unaposimama kila siku na ujaribu kufunga milango kwa rimoti. Ikifunga, rimoti inasikika. Shida iko kwingine. Ikikataa hadi usogee karibu na gari, badilisha betri ya rimoti. Nyingi za bapa ni CR2032 ya volti 3. Rimoti kadhaa za alamu za kufungiwa hutumia kale kabetri kafupi ka volti 12 kanakoandikwa 27A au 23A. Soma ya zamani kabla ya kununua mpya, na uangalie upande wa kujumlisha unapoirudisha.

Kisha betri ya gari. Multimeta ya bei nafuu utaipata Luthuli Avenue, na itakutumikia miaka. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima huonyesha takriban volti 12.6. Ukiona 12.2 au chini, iko karibu nusu, na baadhi ya alamu hukataa kujaribu kabisa.

Halafu mambo ya kipumbavu ambayo hutokea kwa watu wenye akili. Gia iko kwenye P? Mlango wa nyuma umefungwa sawasawa? Je, gari lilitoka gereji au kuoshwa juzi, na mtu akaliacha katika hali ya valeti, ile inayozima mambo ya rimoti? Mara nyingi kuna kitufe kidogo chini ya dashibodi, na kijitabu kitakwambia ukibonyeze vipi.

Hii nyingine watu wachache huikumbuka: taa za breki. Egesha ukiwa umegeuzia ukuta mgongo usiku, utoe mguu kwenye breki. Ukuta ukibaki mwekundu, swichi ya breki imekwama, na mfumo unaamini kuna mtu ameikanyaga. Hautawasha.

Gari likiwaka kwa rimoti halafu likafa baada ya sekunde chache, hiyo ni hadithi tofauti. Huenda ulinzi wa kiwandani hauoni chipu ya ufunguo. Mafundi wengine huficha ufunguo wa pili, au chipu yake, ndani ya dashibodi ili kuudanganya ulinzi huo. Ukisogea kidogo tu, gari linazima. Muulize aliyekufungia kama alifanya hivyo, kwa sababu mwizi naye anajua mahali pa kuutafuta. Hapa mimi hurudisha kazi kwa fundi anayejua alamu. Chini ya dashibodi kuna pia waya na soketi za manjano za mifuko ya hewa, na hizo usiziguse hata kwa utani.

Basi, boneti yangu. Nilizima gari, nikaacha ufunguo na rimoti ndani ya nyumba, nikachomoa waya wa swichi. Nikaweka multimeta kwenye mlio, ncha moja kwenye swichi, nyingine kwenye chuma kisicho na rangi. Pini ikiwa juu, inalia. Nikaisukuma chini kabisa kwa kidole, ikanyamaza. Kumbe swichi ni nzima! Ila juu ya pini palitakiwa kuwa na kofia ndogo ya mpira, na haikuwepo. Nadhani iliondoka na maji ya presha pale ninapooshea gari. Bila kofia hiyo, boneti haikuwa ikiifikisha pini chini.

Swichi mpya nilipata Kirinyaga Road kwa Sh200. Spana namba kumi, dakika kumi, nikafunga boneti, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikabonyeza. Likawaka.

Kama gari lako ni la gia za mkono, ongeza hofu kidogo. Ukiliacha kwenye gia na ukaliwasha kwa rimoti, linaweza kuruka mbele bila mtu kwenye usukani. Na popote ulipo, usiwashe kwa rimoti ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na wewe uko kitandani huwezi kujua imeingia kwa nani.

Fundi alipiga simu Jumatatu kuuliza kama naleta gari. Nilimwambia limepona. Akanyamaza kidogo, akauliza nani alilitengeneza.

Dogo naye siku hizi hafungui boneti kabla sijaiweka rimoti mezani, mahali anapoiona.