Kanda za Arusi ni Amana

Wapenzi wa taarabu walioko Riyadh na Jeddah hawachoki kubishana: katika kanda za marehemu Juma Bhalo, ipi iliyo bora? Wengi huchagua zile zilizorekodiwa arusini Mombasa. Wana hoja. Santuri ndogo ilimbana mwimbaji kwa dakika chache. Arusini aliweza kuurudia ubeti kila alipotunzwa, na kanda ikanasa vigelegele na vicheko vya waliohudhuria. Bhalo, aliyevisha mahadhi ya filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili, alifariki mwaka 2014. Arusi zile hazitarudi.

Kanda nazo zinachakaa. Joto la Riyadh, hasa ndani ya gari, huzipinda. Unyevu wa Jeddah huziotesha ukungu. Basi mwenye nazo avunje vile vipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni, zisifutwe kwa bahati mbaya, kisha azihamishie kwenye kompyuta. Aandike mwimbaji, mji na mwaka. Awaulize wazee sauti zinazosikika ni za nani, maana wajuao wanapungua, na watoto wetu waliozaliwa ugenini hawatakuwa na wa kumwuliza.