GINSI YA KUTUNGA MUKUFU WA LULU NA KUUFUNGA MAFUNDO



Mara hii ninataka kueleza kazi moja ya mikono ambayo watu wengi wanaiona ni ya mafundi tu, kumbe kila mutu anaweza kuijifunza: kutunga mukufu na kufunga fundo kati ya shanga na shanga. Hapa Bunia wengi wanauita kolie. Nitaanza na sababu iliyonifanya niijifunze.

Mwaka 2003, wakati vita ilifika hapa mujini, mama mukubwa wangu alikimbia na vitu viwili: mutoto mugongoni na mukufu wa ndoa yake shingoni. Mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Waliporudi walikuta nyumba tupu. Hakuna picha ya ndoa, hakuna nguo ya ndoa. Ni ule mukufu tu uliobakia.

Basi, siku moja ya Mungu, katikati ya mahubiri, mutoto aliyekaa magotini mwake aliuvuta. Uzi ulikatika. Shanga zilikuwa 71. Zilikimbia chini ya mabenchi zikilia ta-ta-ta, na watoto wakacheka. Mama mukubwa hakucheka. Kiisha ibada tulitafuta na tochi mpaka saa nane. Tulipata 65. Sita zimepotea mpaka leo.

LULU NI KITU GANI?

Lulu ya kweli haitoki katika udongo kama zahabu yetu ya Ituri. Inatoka ndani ya mnyama wa maji anayekaa katika magamba mawili, anayeitwa chaza. Kitu kidogo kikimwingia na kumsumbua, anakifunika na tabaka nyembamba za kungaa, moja juu ya ingine, mpaka kinakuwa punje. Zamani watu wa Ghuba, kama vile Bahrain, walizama baharini bila mashine kuzitafuta. Kiisha, mwaka 1893, Mjapani mumoja anayeitwa Kokichi Mikimoto alifaulu kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kumtilia kitu ndani kwa mukono. Leo karibu lulu zote zinazouzwa katika dunia ni za kufugwa hivi.

Zile tunazoona ku soko mara mingi ni za plastiki ao za kioo zilizopakwa rangi. Namna ya kupima ni hii: pitisha shanga polepole juu ya jino. Lulu ya kweli inakwaruza kidogo, sawa vile muchanga laini. Ile ya kuiga inateleza. Tena angalia tundu. Kama rangi inabanduka pembeni ya tundu, ujue ni ya kuiga. Ya mama mukubwa ni ya kuiga. Lakini mutu asifikiri kwamba kwa hiyo haina bei. Bei ya kitu haiko sokoni peke yake.

Na kazi yenyewe si ya kigeni kwetu. Wakati wa misafara shanga za kioo zilitoka Venezia na Bohemia, zikapita Zanzibar, zikafika bara na kutumiwa sawa feza. Na mbele sana ya zile kulikuwa shanga za magamba ya mayai ya mbuni. Mwaka 2022 wataalamu wawili, Jennifer Miller na Yiming Wang, walionyesha kwamba yapata miaka 50.000 iliyopita watu wa Afrika ya Mashariki na wa Afrika ya Kusini walikuwa wanatengeneza shanga hizo kwa namna moja. Kwa hiyo anayetunga shanga leo anafuata njia ya wazee.

JUU YA NINI TUFUNGE MAFUNDO?

Kuna sababu tatu.
(a) Uzi ukikatika, shanga moja tu inaweza kuanguka. Zingine zinabakia zimefungwa. Kama ule mukufu ungekuwa na mafundo, hatungetambaa chini ya mabenchi.
(b) Fundo linazuia shanga zisisuguane. Lulu ya kweli ni laini, inakwaruzika upesi. Ile ya kuiga nayo inapoteza rangi.
(c) Mukufu unalala vizuri ku shingo.

VYOMBO

1. Uzi. Mafundi wa lulu wanatumia uzi wa hariri. Hapa kwetu kamata uzi wa nailoni uliosokotwa, kama ule wa fundi wa viatu ao ule mwembamba wa kushonea nyavu unaotoka kwa wavuvi wa Ziwa Albert, kule Kasenyi na Tchomia. Uzi wa pamba unaoza juu ya jasho. Ule wa mama mukubwa ulikuwa wa pamba.
2. Sindano ya waya. Kamata waya mmoja mwembamba kutoka ndani ya kamba ya umeme, ukunje katikati, usokote miguu yake miwili pamoja. Pale pa kukunja panabakia tundu la kupitisha uzi. Sindano hii inapita hata katika tundu ndogo.
3. Sindano ya kawaida ya kushona, ya kusogeza fundo.
4. Kifungio cha mukufu, makasi, gundi kidogo, na kitambaa. Kitambaa kinazuia shanga zisikimbie. Mimi nimefundishwa hiyo na yale mabenchi.

KAZI YENYEWE

Kwanza, hesabu shanga na uzipange juu ya kitambaa kwa mustari: kubwa katikati, ndogo pembeni. Zile zilizobanduka uziweke nyuma, pale nywele zinafunika.

Pili, pima uzi. Kamata urefu wa mukufu mara nne, halafu ongeza sentimetre 20. Kwa mukufu wa sentimetre 57, kata metre mbili na nusu. Uvute uzi kwa nguvu mbele ya kuanza, juu uzi mupya unarefuka kiisha kuvaliwa.

Tatu, kunja uzi katikati. Pitisha ile kunjo katika pete ya kifungio, halafu ingiza ncha zote mbili ndani ya kunjo na uvute. Uzi umeshika pete. Funga fundo moja karibu na pete.

Ine, tia ncha mbili pamoja katika sindano ya waya na upitishe shanga ya kwanza. Isukume mpaka iguse fundo.

Tano, hapa ndipo siri ya kazi. Funga fundo la kawaida, lakini usilikaze. Liache wazi sawa pete. Ingiza sindano ya kushona ndani ya ile pete, na kwa sindano hiyo usogeze fundo mpaka liguse shanga. Sasa vuta uzi polepole, na wakati unakaza, tosha sindano na usukume fundo kwa ukucha. Kwa mwisho shika nyuzi mbili, moja kwa kila mukono, uzivute moja huku moja kule. Fundo linaruka na kubana shanga. Kiisha tia shanga ingine, ufanye vilevile.

Sita, shanga ya mwisho usiifunge fundo. Pitisha uzi ndani yake, halafu ndani ya pete ya pili ya kifungio, halafu urudi tena ndani ya ileile shanga. Vuta mpaka nafasi yote imeisha. Zungusha zile ncha juu ya uzi mukubwa kati ya shanga mbili za mwisho, funga fundo mara mbili, tia tone moja la gundi. Ngoja ikauke ndipo ukate. Tundu la shanga hii ya mwisho lazima liruhusu nyuzi ine. Basi chagua mbele shanga yenye tundu kubwa.

MAKOSA YANGU

Sitaki mufikiri nilifaulu mara ya kwanza.

Kwanza nilikamata nailoni ya ndoano, ile ya kungaa ya uzi moja. Niliona ni nguvu, samaki mukubwa hawezi kuikata. Lakini inateleza. Kiisha majuma mawili fundo la mwisho lilijifungua lenyewe. Bahati nzuri mama mukubwa alikuwa jikoni, shanga zilianguka ndani ya sahani.

Mara ya pili nilikamata uzi mwembamba sana. Mafundo yote yalipotea ndani ya tundu za shanga, sawa hayakufungwa. Jifunze hapa: fundo lazima lishinde tundu kwa unene. Funga fundo moja la kujaribu, uvute. Likiingia ndani ya shanga, tafuta uzi munene kidogo.

Tena, usifanye kazi hii na haraka, wala usiku na taa mbaya. Fundo likikazwa mbali na shanga, ni vigumu kulifungua. Jaribu na ncha ya sindano. Likikataa, kata na uanze tena. Inaomba uvumilivu.

KUTUNZA

Manukato na mafuta uyapake mbele, mukufu uuvae nyuma. Lulu ya kweli inaharibiwa na kitu chochote chenye ukali, kama maji ya ndimu, hata jasho. Ukiutosha, upanguse na kitambaa laini. Usiutundike ku musumari, ulaze. Na kama unauvaa mara mingi, kiisha miaka michache angalia uzi. Ukiona umeanza kuwa na manyoya ao kuna nafasi kati ya fundo na shanga, utungwe upya mbele haujakatika.

MWISHO WA HABARI

Mara ya tatu nilitumia uzi wa nyavu, nikafunga mafundo 65 kwa siku tatu, kila siku kiisha masomo. Mama mukubwa alikuwa na hofu moja. Alisema: "Mutoto wangu, sita zimepotea. Utakuwa mufupi, hautakuwa tena ule wa ndoa yangu."

Basi tuhesabu pamoja, sababu hii ni hesabu ya shule. Kila shanga iko na milimetre 8. Shanga 71 zilikuwa sentimetre 56,8. Shanga 65 ni sentimetre 52. Lakini kila fundo linaongeza karibu milimetre 0,7. Mara 65, ni karibu sentimetre 4,5. Jumla: karibu 56,5.

Tulipima kwa metre ya kushonea. Mama mukubwa akaangalia, akaweka kidole juu ya namba, hakusema kitu. Halafu akauvaa, na ukaanguka pale pale ulipokuwa unaanguka zamani.

Siku ya Mungu iliyofuata alimubeba tena ule mutoto magotini. Mutoto akauvuta. Haukukatika.

Kama uko na ulizo, ao mukufu umekatika kwenu, uniulize wakati wa mapumuziko. Lakini ulete uzi wako mwenyewe.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano