Nguvu ya Karata Zinazodharauliwa

Mezani petu, katika mtaa wa Ndosho mjini Goma, karata inayoogopwa kuliko zote ni jitu lenye nguvu nane za kupiga na nane za kustahimili. Linaitwa Ulamog's Crusher. Rafiki yetu mwalimu wa hesabu analipenda mno, na kila linapofika mikononi mwake halipiti. Mimi naliacha liende. Wenzangu walidhani namwonea huruma mwalimu, mpaka walipoona ninachookota badala yake.

Mchezo wenyewe ni Magic: The Gathering. Aliyeubuni ni Richard Garfield, Mmarekani aliyesomea hisabati, na kampuni ya Wizards of the Coast ilianza kuuuza mwaka 1993. Karata za Pokémon na za Yu-Gi-Oh!, ambazo vijana wengi wanazijua kupitia katuni, zilikuja baadaye. Katika karata tulizozizoea, kama matatu ya Kampala au huit américain ya hapa kwetu Kongo, wote mnachota kwenye seti moja ya karata 52. Kwenye Magic kila mchezaji ana seti yake mwenyewe, na kila karata imeandikwa sheria yake. Unaanza na uhai 20, na anayefikishwa sifuri ameshindwa. Karata za ardhi zinakupa nguvu iitwayo mana, na kwa mana hiyo unalipia viumbe na uganga.

Watu wengi duniani hununua karata wanazotaka, wakaja na seti zilizokamilika kutoka nyumbani. Hapo mwenye pesa ana nafasi kubwa. Sisi tunacheza kwa njia nyingine, nayo ndiyo ninayoipenda kwa moyo wote: seti inaundwa palepale mezani. Kila mtu anapewa karata 15 zilizofunikwa. Anazitazama, anachagua moja, anaiweka chini mbele yake, kisha zilizobaki anampa jirani wa kushoto. Zinazunguka hivyo hadi ziishe. Fungu la pili linazungukia kulia, la tatu linarudi kushoto. Mwishowe una karata 45. Unachagua kama 23, unaongeza ardhi 17, na seti ya karata 40 iko tayari. Hakuna aliyekuja na kitu mfukoni, kwa hiyo mwalimu, muuguzi, muuza vocha na mimi tunaanza sawa.

Goma sijui duka linalouza pakiti mpya za karata hizi. Zetu zililetwa kidogo kidogo na binamu yangu anayeishi Brussels, nyingine za Kifaransa, nyingine za Kiingereza. Tumezitia zote katika sanduku moja, na tukimaliza kucheza zinarudi humo, zinachanganywa, zinangoja Jumapili nyingine. Mimi ni mtu wa Rumangabo, kule kwenye makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, kando ya barabara iendayo Rutshuru. Vita vilipotufikia mwaka 2022 na tukateremka Goma, sanduku hilo lilikuja nasi. Ni jambo dogo kwa anayelisikia kwa mbali. Kwetu lilikuwa kitu cha kuwakutanisha tena watu waliotawanyika, na ninalishukuru.

Sasa nirudi kwenye lile jitu. Anayeanza mchezo huu huchukua karata kubwa moja, halafu kubwa nyingine, akidhani ukubwa unajumlishwa. Haujumlishwi. Sikiliza rumba ya OK Jazz ya Franco: gitaa la solo, la mi-solo, la kusindikiza na lile la besi, kila moja lina kipande kifupi ambacho peke yake hakimchezeshi mtu, lakini vikikutana, ukumbi mzima unasimama. Seti nzuri inaundwa hivyo. Unauliza karata hii itaifanyia nini ile niliyokwisha kuichukua, na ile itairudishia nini hii.

Nieleze seti ninayoipenda kuliko zote. Ndani yake kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kuzaa viumbe vidogo vingi. Karata ya Mogg War Marshal inagharimu mana mbili tu. Ikiingia inaleta gobelini mdogo, na ikifa inaleta mwingine. Kazi ya pili ni kuvitoa kafara viumbe hivyo kwa faida. Carrion Feeder, ya mana moja, inakula kiumbe chako chochote ukitaka, na kila ikila inanenepa. Ya tatu ni kulipwa kwa vifo. Hapo ndipo anapoingia Blood Artist: kila kiumbe kinapokufa, kiwe chako au cha mwenzako, mpinzani anaweza kupoteza uhai mmoja nawe ukaongeza mmoja.

Ukizitazama moja moja utaziita magarasa. Blood Artist hana nguvu yoyote ya kupiga. Carrion Feeder haiwezi hata kukukinga. Lakini ziweke pamoja uhesabu: Marshal anaingia na gobelini wake, zamu inayofuata, usipolipia tena gharama yake, anakufa na kuacha gobelini wa pili, kisha wote wawili wanaliwa na Carrion Feeder. Vifo vitatu, uhai tatu umemtoka mpinzani, na mlaji wako amekua kutoka nguvu moja hadi tatu. Yote kwa karata ya mana mbili.

Jitu la mwalimu je? Maandishi yake yanalilazimisha kushambulia kila zamu likiweza, na kila likishambulia yule anayeshambuliwa anatoa kafara vitu vyake viwili. Kwa mtu mwingine ni msiba. Mimi natoa magobelini wawili, Blood Artist anamnyonya mwalimu mara mbili. Gobelini wa tatu anasimama njiani kulizuia, na kabla ya kupigwa namlisha Carrion Feeder. Mwalimu ananyonywa tena. Ameshambulia kwa nguvu nane, mimi sijapata hata mkwaruzo, yeye kapoteza uhai tatu. Na zamu ijayo analazimika kurudia.

Kuipata seti hiyo hakutegemei akili ya kukariri karata. Kunategemea kuwasoma majirani. Fungu likinirudia baada ya kuzunguka meza na bado nikaiona Village Rites, ambayo kwa mana moja na kafara ya kiumbe kimoja inakuchotea karata mbili, najua hakuna mwingine anayetaka njia hii. Hapo nashikilia. Kama karata nyeusi nzuri, rangi ya Blood Artist na Carrion Feeder, zinakatika kabla hazijanifikia, jirani wa kulia yumo humo, na kung'ang'ana naye ni kuharibu seti mbili. Kwa maoni yangu, wanaolipwa kwa vifo uwachukue mapema kwa kuwa ni wachache; wazaaji wa viumbe vidogo wapo wengi, nao hubaki hadi mwisho. Kasoro kubwa niionayo mezani ni mtu kuwa na kazi mbili kati ya zile tatu. Mwenye magobelini kumi na asiye na wa kuwatumia ana magobelini kumi tu.

Kwa watu wanne karata 180 zinatosha, bila kuhesabu ardhi, na sanduku lenye 360 linawatosha wanane. Kama una ndugu Brussels, Nairobi au Kampala, mwombe akusanye zile za kawaida, za bei ndogo, ambazo wachezaji wengi huziweka pembeni. Zile adimu za bei kubwa asihangaike nazo.