Mwarobaini, Mchwa na Lugha ya Mkulima
Kunradhi, wanakemia, leo mwanaisimu naingilia shamba lenu. Mbegu za mwarobaini zina azadiraktini, kemikali iliyotengwa nchini Uingereza mwaka 1968. Huwakinaisha mchwa wasile, japo huharibika upesi juani, hivyo sharti dawa irudiwe. Asili ya jina hilo ni Kiajemi: azad-dirakht, yaani mti huru. Sisi mti huo tuliuita mwarobaini, kwa maradhi arobaini. Tukasifu tiba, mchwa tukawasahau. Basi mkulima hununua sumu yenye maelezo ya Kiingereza asichokielewa, ilhali mwarobaini unampa kivuli uani. Je, ni haki? Wizara ya Kilimo na iyaandike maarifa haya kwa Kiswahili. Elimu isiyo na lugha ya mkulima haifiki shambani.