Hukumu ya Mpira Uliokufa

Katika kandanda ya Marekani, ambayo timu mbili za watu 11 hukabiliana uso kwa uso na mpira umelala chini baina yao, sheria huanza kazi yake kabla mpira haujaondoka mahali pake. Mshambuliaji aliyekwisha kutulia katika nafasi yake, akishtuka ghafla kana kwamba mchezo umeanza, mwamuzi hupuliza kipenga papo hapo na kutupa kitambaa cha manjano. Mchezo haufanyiki kabisa, na timu yake hurudishwa nyuma yadi 5, kwa kuwa mtikisiko ule humhadaa mlinzi.

Lakini mlinzi akivuka mstari ulipolala mpira bila ya kumgusa wala kumshtua mpinzani, na mpira ukaondoka yungali ng'ambo, waamuzi wa ligi ya NFL kwa kawaida hutupa kitambaa na kuuacha mchezo uendelee, ili aliyedhulumiwa awe na hiari ya kuchagua baina ya matokeo ya mchezo na adhabu ya yadi 5.

Ama ukorofi utendwao baada ya kipenga, kama vile kumpiga mtu aliyekwisha kusimama, haubatilishi yaliyotangulia: yadi zilizopatikana hubaki, kisha ndipo zihesabiwapo 15 za adhabu kuanzia pale mchezo ulipoishia.

Kwa hiyo mwamuzi mwadilifu hatoshelezwi na macho makali. Sharti ajue kwa yakini, kabla hajatamka hukumu, kama mpira ulikuwa hai, yaani mchezo ukiendelea, au ulikuwa umekufa, yaani mchezo haujaanza au umekwisha kusimamishwa, kwani hapo ndipo ilipo insafu yote.